Nilivyoifanyia Matanga Nyumba Yangu Ili Nimkwepe Mzee Hamoud

Mwaka 1999, hapa Bujumbura, niliwaalika watu zaidi ya hamsini kwenye matanga ya nyumba.

Umesoma vizuri. Si matanga nyumbani. Matanga ya nyumba.

Marehemu alikuwa na vyumba vinne, veranda ya mbele na choo cha ndani.

Watu walikuja. Wengine walivaa nyeusi. Mbuzi alichinjwa, bia zikanywewa, hotuba ikasomwa. Na mimi mfiwa nilikaa mbele kwenye kiti cha heshima, nimeinamisha kichwa, moyoni nacheka.

Kicheko hicho kilidumu kama saa mbili hivi.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkaniita kichaa kabla ya wakati.

Jina langu ni Hyacinthe. Wakati ule nilikuwa mfanyakazi wa wizara, kazi yangu kupiga mihuri na kuandika barua kwa Kifaransa kirefu. Mke wangu ni Léoncie, fundi cherehani. Binti yetu ni Elsa, ndiyo maana mtaani tunaitwa Papa Elsa na Mama Elsa.

Nyumba yetu ilikuwa Kinanira, kule juu kusini mwa mji. Niliijenga mwaka 1991 kwa mkopo wa benki, na benki ikaishika rehani. Hapo sina neno, kila mtu wa ofisini alikuwa anajenga hivyo.

Ujinga wangu ulianza mwanzoni mwa 1996.

Niliona wageni wa mashirika ya misaada wanavyopanga nyumba kwa dola. Nikapiga hesabu zangu kichwani: nyuma ya nyumba nijenge vyumba vitatu, niwapangishe wazungu, kodi yao ilipe benki, mimi niwe nakaa verandani nimekunja nne.

Pesa sikuwa nazo. Nikaenda kwa Mzee Hamoud.

Mzee Hamoud alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Watu wake walitoka Oman zamani sana, na babu yake alikuwa anauza bidhaa mjini hapa wakati babu yangu hajui hata mji uko upande gani. Riba hatozi, dini yake haimruhusu. Alinipa simenti, mbao na mabati kwa mkopo, kwa bei tuliyokubaliana, ila akataka dhamana.

Nikampa nyumba ile ile.

Ndiyo. Nyumba moja, rehani mbili. Notari, yule mwanasheria wa mikataba, akatueleza mimi na Léoncie kwamba benki ni ya kwanza na Mzee Hamoud ni wa pili. Nyumba ikiuzwa, benki inajichukulia kwanza, Mzee Hamoud anapata kitakachobaki. Nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayesikiliza, kumbe nawaza rangi ya mapazia ya wapangaji. Nikaandika "nimesoma na nimekubali" bila kusoma, nikasaini, na Léoncie akasaini.

Mwezi wa saba mwaka huo nchi jirani zikatufungia mipaka. Simenti ikaadimika, hata msumari ukawa kitu cha kuomba. Vyumba vyangu vikafika kwenye madirisha vikasimama hapo hapo. Halafu milima ya kusini ikaanza kulia risasi, na sijui ni mzungu gani angekuja kupanga chumba kisicho na paa upande ule.

Benki ilivumilia, ikachoka. Mwezi wa nne 1999 ikaipiga nyumba mnada. Nyumba za kule juu wakati ule zilikuwa zinakwenda kwa bei ya kutupa. Benki ikajichukulia chake, na cha kumbakizia Mzee Hamoud hakikuwepo.

Tukahamia Nyakabiga, vyumba viwili vya kupanga. Cha mbele Léoncie akaweka cherehani zake mbili, cha nyuma tukalala sote watatu.

Sitawadanganya, niliumia sana. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiamka asubuhi natafuta mlango upande ambao haupo.

Lakini katikati ya maumivu yale kulikuwa na raha moja ya siri. Nilijua madeni yangu yote yamekwisha. Nyumba iliwekwa rehani, nyumba imechukuliwa, ngoma droo. Watu wakinipa pole nilikuwa nazipokea kwa huzuni, huku rohoni najisikia mwepesi.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, Mzee Hamoud akabisha hodi.

Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za Elsa na masomo yake. Akasema pole kwa nyumba, na aliisema kama mtu anayemaanisha. Kisha akaweka kikombe chini.

"Papa Elsa, sasa ile deni yetu tutaifanya namna gani?"

Nilikuwa nimejiandaa.

"Mzee, deni ilikuwa ku nyumba. Nyumba imeenda. Uifuate kwenye iko."

"Nilishaifuata. Benki imekula yote, imelamba na sahani."

"Basi mi nifanye nini, Mzee? Na mi nimebaki mikono mitupu."

Akatabasamu tu. Akasema hanifukuzi, lakini hajasahau, na anangoja neno langu mpaka mwisho wa mwezi. Akashukuru kwa chai, akaaga, Léoncie akamsindikiza.

Kesho yake ofisini nikamwendea mwenzangu mmoja wa idara ya sheria, nikamweleza nikijifanya naulizia mambo ya shemeji yangu. Akacheka. Akasema huyo shemeji amejidanganya. Nyumba ilikuwa dhamana tu, mdaiwa ni yeye mwenyewe. Wa kwanza akishiba na nyumba, wa pili hapotezi deni, anapoteza nyumba tu. Deni linabaki kwa mtu, na akienda mahakamani anaweza kushika chochote cha yule mtu.

Nikamuuliza, chochote kama nini?

Akaanza kutaja: mshahara, friji, redio, pikipiki, cherehani.

Hapo kwenye cherehani nikamwambia inatosha.

Mshahara wangu wa wizara wakati ule ulikuwa hauvuki tarehe kumi. Kula yetu, kodi ya nyumba, daftari za Elsa, vyote vilitoka kwenye cherehani mbili za Léoncie. Zikichukuliwa zile, sisi tumekwisha. Na aliyezitia hatarini ni mimi, kwa vyumba vitatu visivyo na paa.

Mwisho wa mwezi ukapita. Mzee Hamoud hakuja. Mwezi wa saba ukapita. Kimya.

Kimya kile ndicho kilichoninyima usingizi. Mfanyabiashara akikudai kwa kelele, bado anakupenda. Akinyamaza, ujue yuko kwa wakili. Kila nikisikia hodi nilikuwa naziangalia cherehani.

Najua mnajua kwamba dawa ya deni ni kulipa. Mimi nilikuwa natafuta dawa mbadala.

Nikaipata kwenye matanga ya mtu.

Baba mkwe wa mwenzetu wa ofisini alikuwa amefariki, na siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga, nikaenda kama wengine. Kwetu siku hiyo kuna msemaji wa familia. Anaeleza maisha ya marehemu, kisha anauliza mbele ya watu wote: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa na marehemu? Mwenye neno analisema pale pale. Asiyesema, matanga yakishafungwa, akija baadaye na madai yake watu wanamtazama kama mwizi. Mashahidi wote wale walikuwepo, yeye alikuwa wapi?

Nikashika chupa yangu ya bia, nikawaza.

Deni lilikuwa kwenye nyumba. Nyumba imekufa. Marehemu akifa anafanyiwa nini?

Nikaona nimepata akili ya karne.

Nilivyomweleza Léoncie, aliacha kushona. Mguu ukabaki juu ya cherehani.

"Watu wanazika watoto wao, we unataka kuzika matofali?"

Alikuwa anasema kweli. Mwaka ule hapakuwa na mtaa usio na msiba. Nikabaki kusema kwamba nafanya hivi kwa ajili yake, kwa ajili ya cherehani. Kwamba nikishakuwa na mashahidi hamsini, Mzee Hamoud ataona aibu kwenda mahakamani.

Akaukata uzi kwa meno.

"Sawa," akasema. "Fanya."

Ndugu yangu msomaji, mke wako akikubali jambo la kipumbavu upesi hivyo, kaa chini ujiulize. Mimi sikujiuliza. Nilienda kumtafuta Pontien.

Pontien alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, na Nyakabiga nzima ilikuwa inamtumia kama msemaji kwenye harusi na misiba. Mwanzoni aliona ni matusi. Nilipomwambia kuna mbuzi, akasema jambo hili linahitaji kufikiriwa. Nilipomwambia kuna na bia, akaniuliza marehemu alizaliwa mwaka gani.

Mialiko niliipiga chapa mwenyewe ofisini, kwa Kifaransa cha kuliza watu. Mwaliko wa Mzee Hamoud nao niliuandika, tena wa kwanza, kusudi asije akasema hakualikwa. Ila nilimpa Léoncie nikamwagiza aupeleke dukani Jumamosi jioni.

Matanga yalikuwa Jumamosi mchana.

Léoncie aliutia mwaliko kwenye mkoba wake, hakuuliza kitu. Nikajisifu moyoni, nikasema mjini shule.

Siku ikafika. Tulianza saa sita mchana ili watu wawahi kurudi kwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea. Uani tulipanga mabenchi ya kuazima. Mbuzi niliyemnunua kwa kukopa mshahara wa mwezi uliofuata alikuwa anachomwa. Kulikuwa na kreti za bia, pombe ya ndizi, na Fanta za wasiokunywa. Juu ya kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe niliweka picha ya nyumba.

Walikuja kwa utani, nawaambia ukweli. Walikuja kumwona Papa Elsa aliyerukwa na akili, na kula mbuzi wake. Wakatupa pole huku wanaminya midomo wasicheke.

Pontien akasimama, akakohoa, akaanza.

Alisema marehemu alizaliwa Kinanira mwaka 1991, akiwa na afya njema. Alisema alilea familia moja, hakuwahi kuvuja hata siku moja. Alisema mwaka 1996 alipata uvimbe mgongoni kwa sababu ya tamaa ya baba yake, na uvimbe ule haukupona. Watu wakaangua kicheko, nami nikalazimika kucheka.

Halafu Pontien akasema marehemu ametutoka bila sisi kupata hata muda wa kumuaga.

Hapo mama mmoja wa benchi la nyuma akaanza kulia. Si kilio cha utani. Jirani yake akamshika mkono. Tulikuja kuambiwa kwamba nyumba yake ya Mutakura iliungua mwaka wa 1995, yeye akatoka na kanga moja, na tangu siku hiyo hapajatokea mtu wa kumpa pole ya nyumba, maana wote walikuwa na vifo vya kupeana pole.

Waliokuwa wanacheka wakainamisha vichwa. Na mimi nikaona aibu, nikanywa bia ili ipite.

Pontien akamngoja yule mama atulie, kisha akafika pale nilipokuwa napasubiri.

Akauliza kama kuna anayemdai marehemu.

Kimya.

Akauliza mara ya pili. Watu wakatazamana. Nikageuza jicho kidogo kuelekea langoni, hakuna mtu. Nikachukua mshikaki.

Akauliza mara ya tatu.

"Mi niko na neno."

Nyama ikaninasa kooni.

Mzee Hamoud alikuwa amesimama langoni, kanzu na koti, bahasha ya rambirambi mkononi kama mtu mwenye adabu. Léoncie akamletea kiti na Fanta. Mke wangu hakuonekana kushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua mwaliko ule haukungoja Jumamosi jioni.

Mzee Hamoud alitoa pole kwa familia, akatoa pole na kwa yule mama aliyelia. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Na kwetu Waislamu ni vilevile. Mbele ya kuzika, tunauliza nani anamudai marehemu. Kwa hiyo nimesikia muito nikakuja. Huyu marehemu, mi simudai kitu. Kama kulikuwa na kitu, nimemusamehe, mbele yenu wote."

Watu wakapiga makofi.

Nilitaka kuruka. Nilikuwa nimesimama nusu, mikono tayari kumkumbatia. Cherehani zimepona, mimi nimepona, akili yangu imeshinda wakili na mahakama.

"Lakini," akasema Mzee Hamoud.

Nikabaki nusu nimesimama.

"Nyumba haikukuja ku duka yangu kuomba simenti. Nyumba haina miguu. Alikuja mutu, akaandika kwa mukono yake: nimesoma na nimekubali. Huyu mutu hajakufa. Namuona pale, anakula mushikaki."

Uwanja mzima ulinigeukia. Kisha wakacheka, na kicheko kile kilisikika, nadhani, mpaka sokoni. Hata yule mama aliyekuwa analia alikuwa anacheka huku anajifuta machozi.

Mzee Hamoud akainua mkono, wakanyamaza.

"Mi apana kuja kuharibu siku ya watu. Ile karatasi walisaini batu wawili, bwana na bibi. Mumoja analipa tangu mwezi wa sita, kila wiki, ananishonea kanzu na uniforme za watoto za kuuza ku soko. Deni imeanza kupunguka. Nimekuja kuuliza tu, huyu wa pili aliko wapi?"

Nikamtazama Léoncie.

Alikuwa anagawa nyama. Hakunitazama.

Miezi miwili. Miezi miwili nilikuwa nashtuka kila hodi nikizihurumia cherehani zile, kumbe zenyewe zilikuwa zinanilipia deni. Ile Jumapili Léoncie alipomsindikiza Mzee Hamoud mpaka barabarani, walikuwa wameshamaliza kila kitu kabla mimi sijamaliza chai yangu.

Nilidhani yameishia hapo. Pontien akakohoa tena.

Ubaya wa mwalimu mstaafu ni kwamba ukimpa shughuli anaimaliza. Akasema desturi haijakamilika. Mdai akishasema neno lake kwenye kuganduka, familia haiwezi kukaa kimya, lazima asimame mtu aseme mbele ya mashahidi nani analibeba deni. Akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili.

Mashahidi hamsini. Niliwalisha mimi mwenyewe.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Nitalipa."

"Sauti haifiki nyuma," akasema Pontien.

"Nitalipa."

Makofi yakapigwa kuliko yale ya kwanza. Mzee Hamoud akanipa mkono, akaweka bahasha yake kwenye kapu la rambirambi, akamaliza Fanta yake taratibu. Akaniuliza kama naweza kuandika barua za forodha, kwa sababu aliyekuwa anamwandikia amekimbilia Tanzania.

Watu walipoondoka, nilibaki na Léoncie tukikusanya chupa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungesema deni imekuwa kidogo, ungekopa ingine."

"Na mwaliko? Kwa nini ulimupelekea kabla ya siku?"

Alipanga chupa zote kwenye kreti kwanza.

"Nilitaka uisikie mbele ya batu. Mu nyumba we hausikiaka."

Akabeba kreti, akafika mlangoni, akageuka.

"Na hii mbuzi ingelipa mwezi muzima."

Niliandika barua za forodha kila Jumamosi, miaka miwili, ujira wake ukikatwa kwenye deni. Kila barua Mzee Hamoud alikuwa anaisoma yote mpaka mwisho kabla ya kuweka sahihi, tena akiwa ameniweka mbele yake. Hakuwahi kusema kwa nini. Na mimi sikuwahi kuuliza.

Mwaka 2001 tukamaliza. Nyakabiga walikuwa wameshazoea kuniita Mfiwa, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo, hata watoto ambao hawajui ni nani alikufa.

Kama uko kwenye shida kama ile, nakuambia bure kile nilichokinunua kwa mbuzi. Rehani inakaa kwenye nyumba, lakini deni linakaa kwa mtu. Nyumba ikipigwa mnada na yule wa kwanza, usikimbilie kushangilia kwamba umebaki huna kitu. Mtafute yule wa pili mapema, kaa naye, ongea naye, kubaliana naye hata kidogo kidogo. Akikuona unakuja mwenyewe, mara nyingi atakusikiliza. Na kabla ya kukopa mara ya pili juu ya nyumba ile ile, mwambie mkeo akusomee karatasi kwa sauti.

Mimi siku hizi napanga. Juzi paa lilivuja, nikampigia mwenye nyumba simu, nikarudi kulala.